Dawa ya Kunywa Kabla ya Picha

Mama mkwe wangu haumwi. Hata asubuhi ile, siku chache baada ya kushonwa utumbo, amejikunja kitini nje ya chumba cha picha, homa inamchemsha, mlinzi alipomsalimia alijibu, "Mzima, baba," kama vile tumekuja kutembea.

Daktari alihofia kwamba mshono unavuja. Kipimo cha CT ndicho kingesema, na kabla yake ilibidi anywe dawa ya kuufanya utumbo uonekane vizuri pichani.

Mpiga picha, mwanamke wa makamo mwenye maneno ya utani, alifungua kabati. "Ile nyeupe nzito kama uji siigusi leo," akatuambia. "Kama pana tundu, itamwagika tumboni na kung'ang'ania humo. Hii ya maji hata ikivuja, mwili utaiondoa." Akamimina kikombeni. "Bibi, ukinywa kitu huwa hupaliwi?"

"Nipaliwe, mimi mtoto mchanga? Nimelea sita kwa kikombe, leo nifundishwe kunywa?"

Mpiga picha akacheka, akamnyooshea kikombe.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha maji kwa kijiko tangu upasuaji, maana bilauri ilimkohoza mpaka machozi yakamtoka. Lakini kumkanusha mama wa mume wangu mbele ya watu, naye hoi namna ile, ningeanzia wapi? Nilimpakata mwanangu, nikamtazama bibi yake akipokea kikombe. Kikafika mdomoni.

"Anapaliwa," nikasema. "Kila siku. Nisamehe, mama."

Jicho alilonitupia lingekausha nguo zilizolowa mvua.

Mpiga picha alikichukua kikombe taratibu. "Afadhali umesema. Hii ikipotea njia ikaingia mapafuni, huyavutia maji, mtu akazama akiwa kitandani. Ninayo nyingine, ni ya maji vilevile ila mapafu huistahimili zaidi. Tutampa kidogo kidogo, ameketi wima."

Kijiko cha kwanza kilishuka salama. Cha pili kikamkaba, akakohoa hadi mtandio ukamwanguka. Mpiga picha alimshika mgongo, akamwita daktari amsikilize kifua. Kilikuwa safi, akamaliziwa dawa polepole. Nilikitazama kile kikombe cha mwanzo pale mezani.

Picha ilionyesha mahali panapovuja, padogo tu. Madaktari wakampeleka chumba cha upasuaji siku hiyohiyo, wakapaziba.

Nilimrudia mpiga picha kumshukuru. Akambana mwanangu shavu, akasema, "Nenda ukale, mama. Huyu naye anakutegemea."

Mama mkwe alipozinduka alinipungia mkono nimwinamie.

"Mkwe, una mdomo wewe."

"Nisamehe, mama."

"Sijamaliza." Akavuta pumzi. "Ukimpigia mama yako, mwambie nimemshukuru. Amenizalia mtoto."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake mkononi mwangu, mpaka mwanangu alipolilia kunyonya.