Kikohozi cha Nyuma ya Kanisa

Asubuhi ya kuchanganya divai, Mauricette Lacaze, mtumishi wa jikoni la kasri, alikuwa akipangusa glasi kwa kitambaa cha kitani kisichofuliwa kwa sabuni, kwa sababu sabuni huacha harufu. Mezani walikuwapo watatu: Bwana Aurélien, mwenye kasri na mashamba ya Lugasse, mzee Castagnet, msimamizi wa mapipa, na mtaalamu aliyekuja kutoka Bordeaux akiwa amevaa soksi nyekundu. Kila Februari walionja divai ya kila kipande cha shamba peke yake, wakatema ndooni, kisha wakaamua ipi iingie kwenye divai kuu na ipi iuzwe kwa wenye haraka.

Ilipofika zamu ya kipande kiitwacho Nyuma ya Kanisa, Castagnet alionja, akakohoa. Vikohozi vifupi viwili, kimya, kisha kimoja kirefu kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Mtaalamu akaonja, akakohoa vilevile. Bwana Aurélien naye vilevile.

"Ina urefu, haitoki mdomoni upesi," alisema mtaalamu akijifuta midomo.

"Hicho ni kikohozi cha Firmin," alisema Mauricette.

"Ndicho hasa," alisema Castagnet. "Nilikuwa nakisikia toka ng'ambo ya barabara, nikajua saa ya chakula imefika."

Firmin alikuwa mume wa Mauricette. Huko Médoc, nchi ya mizabibu jirani na Bordeaux, familia hupewa kipande kimoja ikitunze maisha yote: mkono uleule upogoe, ufunge matawi, upulizie dawa ya ukungu. Nyumba huenda na kipande. Firmin aliitunza Nyuma ya Kanisa toka ujana wake hadi mapafu yalipomgomea, akafa majani ya mizabibu yakigeuka rangi. Sasa mashine ya dawa ilikuwa inaendeshwa na binti yao, Maylis.

Mauricette aliweka glasi chini. "Basi nyote mmesikia. Ni dawa ile. Mtoeni Maylis kwenye mashine. Mpeni kazi ya ghalani, mpeni kufagia, sichagui."

"Bi Mauricette," alisema Bwana Aurélien, "daktari aliandika kuwa ni tumbaku."

"Firmin hakuvuta hata siku moja. Harufu ya moshi ilimtapisha."

"Tutalitazama," alisema Bwana Aurélien, akainua tena glasi kwenye mwanga wa dirisha.

Walichotazama ni divai. Waliamua Nyuma ya Kanisa isichanganywe na kitu. Ikatiwa chupani peke yake, na wageni wakaja kutoka mbali kuionja. Walikohoa wakiwa wamesimama uani, mabibi wenye lulu na mabwana wenye skafu, wote kikohozi kimoja, kisha wakapongezana. Ilisemekana hakuna divai nyingine ukingo ule wa mto iliyomkaa mtu kifuani namna ile. Bwana Aurélien akaagiza kwamba katika kipande kile kisibadilishwe kitu. Dawa ileile, kipimo kilekile, familia ileile.

Mauricette alichukua chupa moja jikoni bila kuuliza, akampelekea daktari wa mfuko wa bima ya wafanyakazi wa mashambani. Daktari alifungua, akamimina, akaonja taratibu kama mtu aliyelelewa vizuri. Akakohoa viwili vifupi, akanyamaza, akakohoa kirefu.

"Ndiye," alisema. "Namkumbuka. Alikuwa anakaa kiti hichohicho."

"Basi andika kwamba ni dawa."

"Mama, divai nzuri sana hii. Lakini divai si kipimo." Akaifunga chupa kwa kizibo chake na kuilaza kabatini kwa ubavu.

Jioni hiyo Maylis alikuwa nyumbani akichoma nyama juu ya vijiti vya mizabibu, mtoto wake akichezea ndoo. Mauricette hakukaa.

"Acha kazi ile. Kesho."

"Tukalale wapi, Mama? Chini ya mawaridi?"

"Kwa shangazi yako Libourne."

"Shangazi ana chumba kimoja na mbwa watatu." Maylis aligeuza nyama. "Halafu mbona mimi? Baba alipuliza miaka yote, ukamfulia ovaroli, ukazianika. Hukumwambia aache."

Mauricette alivuta kiti, akakaa. Kweli alizifua, kwa mikono, na maji yalitoka ya buluu. Alikuwa akiyamwagia mawaridi yaliyo mwisho wa safu.

"Sikujua," alisema.

"Mimi najua. Ndiyo tofauti. Kula, inapoa."

Akala. Nyama ilikuwa nzuri.

Maylis akapuliza masika yote. Bwana Aurélien alimpa barakoa mpya na kupiga naye picha akiwa ameivaa. Mavuno yakaja, zabibu zikakanyagwa, divai ikalazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Mauricette akavunja mayai ya kuisafishia, ute mweupe kwa mapipa, viini kwa keki za jikoni, kama kila mwaka.

Februari ikarudi. Watatu walewale, soksi zilezile. Mauricette aliwapangia glasi, akasimama ukutani na kitambaa chake. Ilipofika zamu ya Nyuma ya Kanisa, Castagnet alionja, na safari hii hakumtazama Mauricette.

Kilikuja kikohozi kingine. Chepesi, cha juu, kimoja tu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha mlango. Mtaalamu akakitoa. Bwana Aurélien akakitoa.

Mauricette alikuwa amekisikia kikohozi hicho kitandani kwa binti yake wakati wa surua, na wakati wa kifaduro, na juzi, nyuma ya mlango wa bafu, bomba likiwa limefunguliwa ili kisisikike.

"Mwaka huu ina ujana," alisema mtaalamu.

"Bado changa," alisema Bwana Aurélien. "Lakini inaahidi. Tuipe miaka, itashuka kifuani."

Castagnet aliinamia ndoo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kutema.

"Bi Mauricette," alisema Bwana Aurélien, "glasi safi, tafadhali."

Alizichukua zile chafu, akazisuuza kwa maji matupu, akazipangusa.