Chumba cha Jua la Asubuhi

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, fundi wa kushona alizibeba okidi zake tano, moja moja, kutoka dirishani hadi kwenye beseni. Alizilowesha robo saa, akaziacha zichuruzike maji, kisha akazirudisha mahali pake. Udongo hakuzipa. Zilikaa kwenye vipande vya magome ya mti, ndani ya vyungu vya plastiki vinavyoonyesha ndani, ili mizizi isimfiche kitu: ya kijani imeshiba, ya kijivu ina kiu. Tone lililobaki katikati ya majani alilikausha kwa pamba, maana uozo huanzia hapo. Wateja wake, ambao wote walikuwa wameziua zao kwa kuzimwagilia kila siku, walimwomba siri. Siri, aliwaambia, ni kuziacha zipumue, na kuwa na dirisha la mashariki.

Dirisha hilo lilikuwa la chumba alichojengewa na mumewe miaka minne iliyopita, ubavuni mwa nyumba. Mume alikuwa mpima ardhi. Upande wa pili wa ukuta aliishi dada yake mdogo, kwenye nusu ya kiwanja ambacho marehemu baba yao aliwagawia sawasawa. Kazi ya kukigawa kwa kamba na mawe alikuwa amepewa mpima mwenyewe, na hakuna aliyeona haja ya kumwita mwingine wakati mtaalamu yumo ndani ya familia.

Fundi alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: okidi ikishaanza kuchanua, chungu hakigeuzwi. Maua hufuata mwanga, na ukigeuza chungu shingo zinajipinda. Kwa hiyo Jumatatu moja alipoyakuta maua yote kumi na tisa yameupa mgongo mwanga, yanakitazama kiti cha mumewe, alijua kuna mkono wa mtu.

Alimshuku wifi yake kwanza. Hilo lilimwuma, kwa sababu wawili hao walipikika chungu kimoja tangu siku ya harusi. Lakini wifi alikuja kila Jumapili, na mikono yake ilikuwa na tabia ya kupangapanga vitu vya watu. Fundi alichukua chaki ya kushonea, akachora mstari kutoka kila chungu hadi ubao wa dirisha, akasubiri.

Mistari haikuachana hata kwa unene wa uzi. Maua yaliendelea kugeuka.

Basi alisogeza cherehani akawa anayavizia. Siku ya Jumanne msoma mita alisema mwezi uliopita alibisha hodi mpaka vidole vikamwuma, na maua mawili yakamgeukia. Alhamisi mteja mmoja aliapa kwamba hajanenepa tangu gauni la mwaka jana. Likageuka ua moja tu, la chini kabisa, likarudi dirishani kabla fundi hajakunja futi yake. Uongo mdogo, ua moja. Fundi aliona huo ni utaratibu mzuri kuliko mwingi anaoujua.

Jumapili wifi alikuja na shida yake. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani na mapacha, wote wanalala sebuleni, mmoja anakohoa. Alitaka kuongeza chumba. Mwashi alikuwa amekuja na kupima, akasema kiwanja hakitoshi.

"Nashangaa, kaka," alisema. "Baba si alitugawia sawa?"

"Mawe ya mpaka yapo palepale," mpima alijibu. "Mwashi huyo hajui kazi."

Maua kumi na tisa yaligeuka kwa pamoja, kwa mchakacho kama wa kitambaa kipya. Mpima alihamisha kiti karibu na mlango. Yakamfuata.

"Dirisha hili linapitisha upepo," alisema, akamalizia chai yake amesimama.

Kesho yake, mumewe alipokwenda kazini, fundi alitoka na futi. Upande wao ulikuwa na upana wa mita kumi na saba. Upande wa wifi, kumi na mbili na nusu. Alirudi ndani akapima upana wa chumba cha mashariki: mita mbili na robo, nusu kamili ya tofauti hiyo. Fundi amekata vitambaa miaka ishirini na mitano, na anajua kipande kilichotoka kwenye nguo ya mtu mwingine. Aliketi kwenye cherehani bila kushona chochote. Aliona aibu, na chini ya aibu, hofu ya kukipoteza chumba.

Jioni alimwambia mumewe alichopima.

"Futi ya nguo haipimi ardhi," alisema mpima. Maua yakamgeukia. Aliyatazama kwa muda, kisha akamtazama mkewe. "Lakini si wewe uliyetaka dirisha la mashariki? Si uliniambia bila jua la asubuhi hayataishi?"

Maua yakarudi dirishani. Maneno haya ya mwisho yalikuwa kweli.

Jumapili iliyofuata wifi alimkuta peke yake, akipangusa majani.

"Kaka nikimwuliza anakuja juu," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Wewe hujawahi kunificha kitu. Hicho kiwanja kipo sawa kweli?"

Fundi aliendelea na jani lilelile. "Mimi vipimo vyangu ni vya nguo tu, wifi. Ya ardhi siyajui."

Hakuhitaji kuinua macho. Alisikia mchakacho. Alikuwa amesimama karibu mno na dirisha, kwa hiyo maua hayakugeuka tu, yaliinama mpaka moja likamgusa shavu. Lilikuwa baridi.

"Yamekugeukia," wifi alisema.

"Yamenizoea."

Wifi aliyatazama yote, moja baada ya jingine, kisha akamtazama yeye. Fundi hakuweza kuvumilia macho yale. Alichukua chungu kilichokuwa na maua mengi kuliko vyote, akakifunga kwa gazeti, akampa. Wifi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama mtu aliyepewa kitu.

Zikapita wiki tatu. Mwashi hakuitwa tena, na mapacha waliendelea kulala sebuleni. Siku moja wifi alisimama nje ya dirisha la mashariki, mtoto anayekohoa akiwa mgongoni.

"Okidi yako haijambo," alisema. "Imeongeza maua mawili. Ila mchana na usiku inautazama ukuta wenu tu."

Fundi alisimamisha cherehani.

"Usikigeuze chungu, wifi," alisema. "Shingo zitajipinda."