Chai ya Kujifanya

Mwalimu Nassra aliweka kikombe kitupu cha plastiki mbele ya Ummy, akainua cha kwake, akanywa hewa na kulamba midomo.

"Karibu chai, mwanangu."

Ummy, mtoto wa miaka saba, alichungulia ndani. "Hamna," alisema.

Mwalimu akampa kipande cha ubao, akamwambia ni gari. Ummy akakinusa. "Huu ubao wa mvinje."

Mama yake, Shemsa, alikuwa amekalia kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani. Hospitali walishamwambia mtoto ana usonji, na hilo halikumtisha. Lililomtisha ni skuli. Hii ndiyo pekee karibu na Jang'ombe iliyokubali hata kumtazama.

"Bi Shemsa," alisema mwalimu kwa upole, "mtoto asiyejua kujifanya, kufikiri kwake kuna kasoro. Mfundishe. Tutamjaribu tena kabla skuli hazijafunguliwa."

Alasiri, baada ya sala, Shemsa alitandika mkeka barazani, akaweka vikombe vitupu, akanywa hewa. Aliona haya kidogo, maana jirani yake Bi Sichana alikuwa akipepeta mchele pale ng'ambo ya kichochoro huku akiwaangalia.

"Unakunywa nini?" aliuliza Ummy.

"Chai."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya rangi."

"Ina tangawizi?"

"Inayo."

"Imepondwa au imekunwa?"

Hilo Shemsa alikuwa hajalifikiria. Alifumba macho, akaitafuta ile tangawizi. "Imepondwa."

Ummy aliendelea. Sukari ilitiwa bulini au kikombeni? Maji yalichemka sana? Nani aliyeepua? Mtoto aliyezoea kushinda kutwa bila ya neno aliuliza mpaka jua likahama barazani. Kisha akamsogezea mama yake kikombe.

Kilikuwa na chai. Shemsa aliinywa. Ilikuwa ya moto, na sukari imezidi kidogo, kama alivyojibu mwenyewe.

Bi Sichana aliweka ungo chini, akavuka na kikombe chake. "Mie ya maziwa," alisema, akakaa kuulizwa.

Habari zikaenea kichochoroni. Zamani watoto waliocheza kupika mchanga kwenye vifuu walikuwa wakimfukuza Ummy, kwa sababu hakukubali kuwa mchanga ni wali. Sasa walimletea vifuu vyao. Wenye majibu walikula wali. Asiyejua wali wake umepikwa vipi alirudishiwa mchanga wake, na hakulalamika.

Shemsa naye akabadilika. Hakuweza tena kusema "samaki" bila ya kujiuliza ni samaki gani, wa kuchoma au wa kupaka, na nani kampara magamba. Aliona kuwa miaka yote alikuwa akisema maneno yaliyo matupu ndani.

Siku ya jaribio la pili, mwalimu aliinua kikombe kile kile.

"Karibu chai."

"Ya nini?" aliuliza Ummy.

"Ya mchaichai."

"Majani mabichi au makavu?"

Mwalimu alimtazama Shemsa.

"Mjibu tu, mwalimu," alisema Shemsa.

Mwalimu alijibu, mwanzo harakaharaka, kisha polepole, mkono shavuni, akiyakumbuka majani yaliyoota nyuma ya jiko la bibi yake kule Jambiani. Ummy alipotosheka, alimsogezea kikombe. Mwalimu akapuliza, akanywa, akamaliza, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio.

"Nzuri," alisema. "Lakini hakujifanya, Bi Shemsa. Hii ni chai."

"Si ndiyo uliyomkaribisha?"

"Kipimo kinataka ajifanye. Hapo hakufaulu, na nafasi siwezi kumpa." Akauliza kama anaweza kupata kikombe kingine.

Njiani Ummy alisema, "Mwalimu alikuwa anataka nini?"

"Kikombe kitupu."

Ummy alifikiri mpaka wakalipita duka la mkaa. "Mbona alikuwa nacho," alisema.

Shemsa akamshika mkono, wakavuka barabara.

Skuli zilipofunguliwa, watoto wa kichochoroni walipita mbele ya baraza na sare zilizopigwa pasi, wakamwamkia Shemsa, wakaenda zao. Ummy aliwatazama mpaka wakakata kona. Kisha akamgeukia Bi Sichana, aliyekwisha kukaa mkekani na kikombe chake, akamuuliza kama maziwa anayoyataka leo ni ya ng'ombe au ya kopo.