Tumbako Aliyomnyima Bibi

Kaka yangu Sudi alirudi Kindu bila gitaa. Alikuwa akipiga katika okestra moja ya Kinshasa, na mara mbili walikwenda Ubelgiji. Siku meli yake ilipofika kutoka Ubundu, bibi na mimi tulimpokea bandarini. Tukatazama mikono yake, halafu nyuma yake, tukidhani labda mpagazi anakuja nalo.

"Niliuza," alisema. "Nitanunua lingine, zuri zaidi."

Tukavuka mto kwa mtumbwi kwenda kwetu Alunguli. Njia nzima hakunyamaza. Atafungua baa, atanunua lori la kubeba mchele, atampeleka bibi Maka. Alisimama kutuonyesha urefu wa lori, mtumbwi ukayumba.

"Citoyen, ndugu raia, kaa chini," mpiga kasia akamwambia. "Lori lako litatuzamisha."

Bibi Safi, mama wa baba yetu, aliyetulea sisi wawili, alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nilifurahi. Kisha nikaanza kuogopa.

Sudi hakuwa analala. Nikiamka alfajiri kuswali, namkuta anatembea uani, taya zinatafuna na mdomoni hamna kitu. Wali na sombe ya majani ya muhogo, chakula tulichokuwa tukigombania utotoni, alikisukuma kando. Leso zake nilizofua zilikuwa na damu ya pua. Jirani yetu Assani, fundi baiskeli, alipoegemeza gurudumu kwenye ukuta wetu, Sudi alifunga dirisha.

"Yule anatuchungulia. Watu wa chama tawala wamemtuma."

Assani! Yeye ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli. Siku nyingine Sudi alianguka kitandani, akalala mchana kutwa, akaamka analia bila kusema analilia nini.

Sikumwuliza. Mdogo hamhoji mkubwa wake, na mimi hata watoto wa jirani naona haya kuwauliza jambo. Bibi ndiye aliyeuliza, kwa njia yake.

Bibi alikuwa akitumia tumbako ya kunusa, na wanaonusa wana adabu yao. Mwenzako akikunyooshea mkono, humnyimi. Unamgongea kidogo juu ya mgongo wa mkono, hata kama ni adui yako. Bibi na Bi Hawa wa nyumba ya nyuma waliwahi kununiana mwaka mzima kwa sababu ya mbuzi, lakini tumbako walipeana kila jioni, bila neno.

Siku moja, baada ya adhuhuri, bibi alimkuta Sudi ameinama nyuma ya jiko, ameziba tundu moja la pua. Alikuwa na kikopo kidogo cha bati. Mimi nilikuwa natwanga sombe. Bibi hakupiga kelele. Alimwendea, akanyoosha mkono, mgongo juu.

"Na mimi, mujukuu wangu. Nionjeshe."

Sudi alishtuka. "Nini, bibi?"

"Tumbako yako. Yangu uliiiba tangu ukiwa mutoto. Leo njo zamu yako."

"Hii iko kali, bibi."

"Kali? Mimi nimenusa ya Kasongo, ile inaliza wanaume. Weka."

"Hapana."

"Weka, Sudi. Ama Ulaya ilikufanya muchoyo?"

Mkono wake ulibaki pale. Kisha akapeleka kidole achote mwenyewe. Sudi akaruka nyuma kama aliyeungua.

"Usiguse! Bibi, itakuua! Moyo wako hautaiweza!"

Niliacha kutwanga.

"Itaniua mimi," bibi alisema polepole. "Na moyo wako wewe, ulitoka wapi? Si ulitoka humu humu mwangu?"

Sudi aliteleza ukutani akakaa chini. Akatueleza. Haikuwa tumbako. Wenzake wa okestra waliiita kokaini. Kule waligawiwa baada ya muziki, ili wasichoke. Mwanzo ilikuwa raha, vidole vinakimbia vyenyewe kwenye nyuzi. Baadaye, bila unga ule, hakuweza hata kufunga viatu. Mwenzake Roger, mpiga ngoma, kijana mwenye nguvu, alishika kifua katikati ya mazoezi, akaanguka, asiamke.

"Tulimzika," Sudi alisema, "na siku ya pili yake nikauza gitaa ili nipate unga mwingine."

Bibi alipiga magoti, akamwekea kiganja kifuani.

"Unapiga kama kuku aliyeshikwa," alisema.

Akachukua kile kikopo, na Sudi akamwachia. Akachukua na chake cha tumbako, akaenda chooni, akavitupa vyote viwili.

"Bibi, yako haikuwa na neno," Sudi alisema.

"Sitaki unune peke yako."

Wakanuna wote wawili. Bibi alitukana kuku, akatukana mvua, akanitukana mimi kwa kupumua. Sudi alilala, akaamka, akazunguka uani. Hivyo hivyo mpaka asubuhi ya meli ya Ubundu, njia ya kurudi Kinshasa, kwenye unga. Sudi aliniita.

"Riziki, leo kaa mulangoni. Nikitaka kutoka, usinipishe. Hata nikikutukana."

"Yaya, kaka yangu, mimi nitaweza?"

"Bibi nitamudanganya. Wewe siwezi."

Mchana akavaa shati. Kwanza alikuja kwa upole.

"Mudogo wangu, naenda tu kwa Assani, nirudi."

Sikusogea.

"Toka, mujinga! Hata shule ya msingi haukumaliza!"

Niliacha shule ili kumuuguza mama kabla hajafa, na yeye alijua. Machozi yalinitoka, lakini nilishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Akanikamata bega. Mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Yaya," nilimwambia, "ni wewe mwenyewe njo ulinituma."

Bibi akatokea bustanini na jembe lake. Alitutazama.

"Sogea," aliniambia. Akakaa kizingitini kumpa Sudi mgongo, nami nikakaa kando yake, mlango ukajaa. "Na mimi leo nataka tumbako mpaka meno yanauma, na meno yenyewe sina."

Ng'ambo ya mto meli ikapiga honi. Nyuma yetu Sudi alisimama, pumzi zake ninazisikia. Kisha akakaa sakafuni, mgongo wake kwenye migongo yetu. Honi ikalia tena, mbali kidogo.

"Imeenda?" Sudi akauliza.

"Imeenda," bibi alisema.

"Itakuja nyingine."

"Itakuja. Na sisi tutakaa hapa tena."

Sudi aliniegemea kwa uzito wake wote, na uzito wenyewe ulikuwa mdogo mno. Nikakaza mgongo.