Kaburi la Bakhita

Dada yangu Bakhita alikufa mwaka wa 1918, homa ilipopita Kibra nyumba kwa nyumba. Alikuwa na miaka sita, mimi kumi. Baba, askari mstaafu, hakuweka kibao kaburini kwa sababu mchwa wangekila. Alikata ukanda wa chuma wa pipa, akaupigilia upande wa kichwani mpaka ukazama wote ardhini. Chuma kikionekana kingeibwa kikafuliwe kisu.

Mwaka wa 1949 tukaambiwa barabara itapita pale makaburini. Mwenye kujua kaburi la mtu wake ahamishe mifupa kabla ya Ijumaa. Baba alikuwa ameshakufa. Mama yangu, Sitelbanat, alijua safu tu. Makaburi ya watoto yalikuwa yamelala sawa na ardhi.

"Nitafutie chuma cha baba yako," aliniambia. "Simwachi mtoto chini ya magari."

Nilikuwa mfagizi katika karakana ya reli. Mwenzangu Mburu, mtu wa Riruta, alikuwa na sumaku kubwa ya kuokotea unga wa chuma sakafuni. Jumatano tukaja nayo.

"Mama, nimeleta mkono wa mwizi," Mburu alisema. "Haurudi mtupu huu."

"Ndiyo maana nimefungia kuku," Mama akajibu.

Tulichimba kidogokidogo tukifuata safu. Ukanda hatukuuona. Mahali pa nne sumaku ilitoka na ndevu nyeusi za chembechembe zilizoing'ang'ania. Mama akapiga magoti.

"Alhamdulillahi! Ni chuma chake. Bakhita, mwanangu."

Akatandika shuka jeupe alilokuja nalo.

Mburu alienda mpaka njiani, mahali watu wanapopita, akaiburuta sumaku kwenye udongo. Ikatoka na ndevu zilezile. Akanitazama, akatikisa kichwa.

Nilielewa. Karakana ilitufundisha. Nondo ikinyeshewa inashika kutu nje, ndani inabaki chuma. Lakini unga wa chuma ukilowa, baada ya siku chache ni vumbi jekundu, na sumaku inaupita kama haiujui. Chembe ndogo haina ndani. Yote ni ngozi, na kutu inaanzia kwenye ngozi. Ukanda wa Baba ulikuwa mwembamba, na ulikaa kwenye unyevu miaka thelathini na mmoja. Umekwisha. Zile nyeusi ni chembe za udongo wenyewe, ziko Kibra nzima.

"Nyamaza," Mburu alininong'oneza. "Mwache achukue."

Mimi kunyamaza sijui.

"Mama, huo ni mchanga tu. Hata njiani upo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aliichukua sumaku, akaenda njiani kujaribu mwenyewe. Akazifuta zile ndevu kwa kidole. Akarudi, akakunja shuka.

"Basi siwezi kubeba mtoto wa mwenzangu," alisema.

Alhamisi wengine walibeba watu wao. Ijumaa Mama alisimama pale makaburini na shuka lake kwapani mpaka vibarua wakamwomba asogee.

"Ulishindwa nini kunyamaza?" Mburu aliniuliza siku ile.

Barabara ilipokamilika, Mama hakuikanyaga. Kwenda sokoni alizungukia chini mtoni, na magoti yake mabovu, miaka minne mpaka akafa. Mimi niliipita kila asubuhi nikienda kazini.