Bwana Harusi wa Ukutani

Wateja wake humwita Mama Lesi, kwa sababu ameshona magauni ya harusi maisha yake yote na hakuna gauni linalotoka mikononi mwake bila lesi, hata mwenye harusi akatae. Kwa hiyo alipopanda ngazi za ile hoteli ndogo ya vyumba saba, akimfuata mwenye hoteli aliyembebea sanduku, kitu cha kwanza kumvuta kwenye picha ya ukutani kilikuwa gauni. Kola ya juu, mikono iliyojaa mabegani, vifungo vidogo vidogo mpaka kiunoni. Aliyeshona hili alikuwa fundi kweli, alisema moyoni. Akasogea aone mshono wa bega. Ndipo jicho lilipoteleza likamwangukia bwana harusi.

Alikuwa mumewe.

Si mtu anayefanana naye. Yeye mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu, nyusi ya kushoto imekatika katikati kwa kovu la utotoni, kidevu juu kama anavyokiinua mpaka leo akiona kamera. Pembeni yake msichana mrefu anacheka.

"Dada," Mama Lesi alisema, "hawa ni nani?"

Mwenye hoteli, mwanamke wa miaka arobaini na ushee asiyehitaji kuombwa mara mbili kuongea, alilitua sanduku. "Ah, hawa! Huyo bibi harusi ni mama yangu mdogo. Kuta zote hizi nimezijaza ndugu zangu, maana picha za madukani zina watu hata siwajui."

"Na bwana?"

"Maskini, huyo hakukaa. Wiki sita baada ya harusi alikwenda mbali kutafuta kazi, ikaja barua kwamba homa imemchukua, wameshamzika huko huko. Nilikuwa na miaka minane. Mama mdogo alilia mpaka sisi watoto tukaogopa."

Mama Lesi alishika ukuta. Ulikuwa ukuta wa mawe, mnene na wa baridi kama kuta zote za mji ule mkongwe.

Chumbani alikaa pembeni mwa kitanda, karibu na taulo lililokunjwa umbo la ndege, simu mkononi. Safari hii ilikuwa zawadi ya binti yao: siku tatu za kupumzika, baba na mama, kwa miaka thelathini na mitatu ya ndoa. Mumewe, mchora mabango wa mjini kwao, alileta visingizio mpaka wanawe wakambana. Mwishowe akasema mkewe atangulie na basi la asubuhi, yeye amalizie bango la duka moja, afuate na la mchana. Na kweli, kila mji huu ulipotajwa kwenye televisheni alibadilisha stesheni. "Vumbi na ngazi tupu," alikuwa akisema. Mama Lesi hakuwahi kuuliza amejuaje habari za ngazi.

Alitaka kumpigia. Lakini angemuuliza nini? Hujambo baba watoto, samahani, ulikufa lini?

Saa kumi akashuka uani kunywa chai, kwa kuwa chumba kilikuwa kinambana pumzi. Akakuta mwenye hoteli amekaa na mwanamke mrefu mwenye mvi, miwani ikining'inia kifuani, mkoba wa kazi miguuni. Alikuwa na duka la dawa mtaa wa pili, na kila akifunga hupita kwa mpwa wake.

"Mama mdogo, mgeni wetu ameipenda picha yako ya ngazini."

"Ile ya marehemu?" Mwanamke yule alicheka. Kicheko kile kile cha pichani. "Gauni lile nilishonewa na shangazi yangu. Karibu ukae, dada."

Mama Lesi akakaa. "Uliolewa tena?"

"Niliolewa, tena na mtu mwenye akili zake. Wana watatu, wajukuu watano, na makelele yao."

"Hodi! Jamani, ngazi za mji huu zitaniua!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mama Lesi alitaka kuinuka amwahi, amrudishe, amfunike na chochote, lakini akachelewa. Mumewe akaingia uani, begi begani, akamwona mkewe, akatabasamu. Kisha akamwona aliyekaa naye. Tabasamu likakauka usoni. Pole pole akavua kofia, kama mtu aliyefika mazikoni.

Mwenye hoteli, aliyekuwa anamimina chai, alimtazama mgeni, akatazama ngazini, akamtazama tena. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kumwagika mezani, na bado anamimina.

Mfamasia alivaa miwani yake. Alimwangalia kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Umenenepa," alisema.

"Mama mdogo! Huyu si ndiye... lakini huyu alikufa!"

"Alikufa kwa kalamu. Ile barua ilidai imeandikwa na mwenye nyumba wake. Lakini mimi nilikuwa na barua zake za uchumba kumi na saba, na kila herufi g ilikuwa na mkia uliojikunja kama wa paka. Nilifika kwenye neno 'mgonjwa' nikaujua ukweli. Hata nusu ya barua sikuwa nimemaliza."

"Ulijua?" Hilo tu ndilo lililomtoka mumewe Mama Lesi. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Miaka yote hii, ulijua?"

"Na ukalia vile?" mpwa aliuliza, macho yamemtoka.

"Ningefanyaje? Ningesema yu hai, ningekuwa mke aliyekimbiwa baada ya wiki sita, kila mtu angenitafuta kasoro. Alipokufa nikawa mjane, watu wakanihurumia. Basi nikamzika."

Mama Lesi akasikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mbali. "Na mimi? Mimi ni nani kwake?"

"Wewe ni mkewe, dada yangu. Mimi ni mjane wake. Tusinyang'anyane."

Mumewe alianza kueleza, maneno yakigongana. Alikuwa kijana. Ndoa waliipanga wazee. Alipofika mbali akaonja kuwa peke yake, na kurudi kusema usoni kwamba haitaki akaona ni kazi kubwa kuliko kufa.

"Kwako kufa kulikuwa rahisi," mfamasia alimkata. "Mama yako ndiye aliyepata shida. Alikuja kwangu kila wiki kwa miaka ishirini na mitano, mpaka akafariki. Tulikulilia wote wawili. Mmoja wetu kwa kweli."

Hapo ndipo Mama Lesi aliposimama. Siku walipochumbiana mumewe alimwambia hana mama, alifariki angali mdogo. "Watoto wangu walikuwa na bibi," alisema. "Mpaka wamekuwa watu wazima, walikuwa na bibi hai, anawalilia bila kujua wapo." Kisha akamgeukia mfamasia. "Na wewe ulikaa naye, unajua mwanawe hajafa, ukamwacha alie?"

Mfamasia alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaifuta tena.

"Hilo," alisema, "sijapata la kujibu."

Mama Lesi alichukua ufunguo wake wa chumba mezani, kwenye dimbwi la chai. "Baba watoto, tafuta pengine pa kulala." Akapanda. Alipoipita ile picha hakugeuza shingo.

Asubuhi mfamasia alimfuata bila kuitwa, wakaenda pamoja kwenye kaburi la mama mkwe wao. Mumewe aliomba kuja. Mkewe hakumkataza wala hakumjibu, naye akatembea hatua ishirini nyuma yao. Kaburi lilikuwa safi, limepaliwa. Hapo mumewe alipiga magoti akalia kwa sauti ambayo Mama Lesi hakuwahi kuisikia katika miaka yao yote. Mkewe hakumshika bega. Alijitenga kando ya ukuta akampigia binti yao, akamweleza yote bila kupunguza.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," aliuliza, "bibi alikuwa anaitwa nani?"

Mama Lesi alifungua mdomo, akagundua hajui. Bibi wa watoto wake alilala hapo kaburini, na yeye hakuwa amemuuliza mtu jina lake. Ikambidi amwendee mfamasia.

Walirudi nyumbani kwa mabasi mawili tofauti. Mumewe aliwaita wanawe akawaambia mwenyewe, kwa sharti la mkewe, na mtoto wao mkubwa hajaongea naye mpaka leo. Mumewe analala chumba cha nyuma. Ndugu wakimuuliza Mama Lesi ameamua nini, anajibu kwamba bado, na anaendelea kukanyaga cherehani.