Umati wa Mashine Kumi na Mbili

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yakitoka ziwani na ukungu ukiwa umeufunika mji wa Homa Bay, Nicanor alipokea simu kutoka zahanati ya Masara, kule Migori kwenye machimbo ya dhahabu.

"Injinia, mashine yako inataka kuniulia mtoto," alisema Sista Lynnet bila salamu. "Ana kilo sita. Inaniamuru nimpe dawa ya malaria ya kilo ishirini na mbili."

"Umempa?"

"Mimi nina macho. Lakini Ijumaa unaipeleka zahanati nyingine thelathini. Huko kote kuna macho?"

Nicanor alivuta kompyuta yake karibu. Programu ya zahanati aliiunda yeye, ila sehemu ya kukokotoa dawa aliitwaa kutoka ghala la mtandaoni, ambako waundaji huweka vifurushi vya programu ili wengine wavitumie bure. Kifurushi hicho kiliandikwa na Frankline, aliyelala kitanda cha juu yake miaka minne ya bweni. Mwezi Machi, Nicanor alipokijaribu katika zahanati kumi na mbili, kilikuwa kimepakuliwa mara mia tatu. Sasa ghala lilionyesha elfu arobaini na moja. Nicanor alikuwa ameitazama namba ile ikipanda kama mtu anayeona kanisa limejaa akamwamini mhubiri kabla hajafungua kinywa. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa msimbo wake, maagizo yanayokiendesha.

Siku hiyo aliusoma. Ukurasa wa tatu ulimtosha: mtandao ukikatika, kifurushi kilishika uzito wa mtoto aliyetangulia, kikatoa dozi, kisha kikazimika. Na Nicanor mwenyewe, kwa kujiona mwangalifu, alikuwa ameziagiza kompyuta zifute kila kifurushi kinachozimika na kukipakua upya. Akafungua kumbukumbu za ofisi, akajumlisha. Maombi ya kupakua elfu arobaini na mia sita yalitoka kwenye kompyuta zake kumi na mbili.

Kila kilipozimika, namba ilipanda. Kilivyozidi kuharibika ndivyo kilivyozidi kuonekana kinapendwa.

Saa sita mchana, kabla Nicanor hajashika simu, Frankline aliingia ofisini akinukia manukato, mkononi barua ya kukipendekeza kifurushi kwa zahanati zile thelathini.

"Omera, ndugu yangu, sahihi tu. Elfu arobaini na moja! Nani atabishana?"

"Zote, isipokuwa mia nne, ni mashine zangu zikikipakua upya kila kinapozimika. Ulijua?"

Frankline alicheka. "Tangu Aprili. Kwani nilizituma mimi? Watu huangalia namba, hawaulizi aliyepakua ni nani. Hata wewe hukuuliza."

"Na uzito wa watoto?"

"Toleo lijalo nitarekebisha. Usinihubirie, bwana kiranja." Akavuta kiti karibu, sauti ikashuka. "Hadubini ya maabara, kidato cha tatu. Uliivunja wewe, nikafukuzwa wiki mbili mimi. Baba alinitandika hadi nikalalia tumbo. Nimewahi kukudai chochote? Leo nadai sahihi moja."

Ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa Nicanor alikuwa akivaa tai ya shule kila mkutano wa wanafunzi wa zamani, akiwasomea vijana hotuba kuhusu uadilifu, na kisa hicho kikiwa chini ya tai.

Aliinua simu kwanza. "Sista Lynnet, zima mashine. Rudi kwenye chati ya ukutani. Nazipigia zahanati zile kumi na moja sasa hivi, na Ijumaa haipo."

"Asante. Chati haisifiwi na mtu, lakini haichanganyi watoto," akajibu Lynnet, akakata.

Alipokwisha kuzipigia zote, alichukua karatasi, akamwandikia mwalimu mkuu wa shule yao ya zamani: hadubini niliivunja mimi, Frankline aliadhibiwa bila kosa, nitaleta nyingine, naomba barua hii isomwe mbele ya shule. Akatia sahihi, akamsogezea Frankline.

"Deni lako hilo. Nimelilipa."

Frankline aliisoma mara mbili. "Na barua yangu?"

Nicanor akamrudishia ile barua ya mapendekezo, pa kutia sahihi pakiwa peupe.

"Hiyo sidaiwi."